Bukavu: Seleri ya mzizi, mboga inayomngoja mwenyewe bustanini

Asubuhi katika soko la Kadutu, akina mama wanaouza mboga hupanga vifungu vyao chini, juu ya magunia: lengalenga, matembele, nyanya katika vilima vidogo, puaro mbili tatu, na pembeni kabisa majani machache ya seleri yaliyofungwa kwa uzi wa mgomba. Mnunuzi haendi sokoni kwa ajili ya seleri. Anachukua nyanya na kitunguu, anachukua puaro, kisha anamwomba mama amwongezee jani. Lakini akifika nyumbani bila jani hilo, ataambiwa. Katika nyumba nyingi za Bukavu mchuzi wa sambaza au wa maharagi usionukia seleri unahesabiwa kuwa bado haujaisha kupikwa.

Hiyo ni seleri ya majani. Ina ndugu ambaye wakaaji wengi wa mji wetu hawajawahi kumwona: seleri ya mzizi, ile inayoitwa kwa Kifaransa céleri-rave. Ni mmea uleule, wenye majani yaleyale na harufu ileile, ila hii huweka nguvu zake chini. Kati ya majani na mizizi hufura kichwa, kikubwa kama ngumi au kama ngumi mbili, chenye ngozi ya kahawia iliyokunjamana na vizizi vilivyosokotana kama ndevu. Sura yake haivutii. Ukiimenya, ndani ni nyeupe, na ikichemka inalainika kama kiazi.

Nilianza kuipanda katika parsele yetu ya Ibanda mwaka wa 2024, kwa udadisi tu. Nilipata pakiti ya mbegu, nikapanda miche kumi na miwili mwezi wa Oktoba, mvua zilipokwisha kushika. Kwa hesabu yangu vichwa vingekuwa tayari mwezi wa Februari 2025. Kila msomaji wa Bukavu anajua Februari ile ilileta nini. Katikati ya mwezi mji uliingia mikononi mwa M23, maduka yakafungwa, mabenki yakafunga milango, na kwa siku kadhaa mtu hakuthubutu kwenda mbali na nyumba yake. Njia za kutoka Kabare na Walungu, ambako mboga zetu nyingi hutoka, hazikuwa njia za kupitisha kikapu.

Siku zile tulikula kilichokuwa ndani na kilichokuwa nje nyuma ya nyumba. Lengalenga ilikwisha kwanza, kwa sababu ukiikata leo hukati tena kesho. Nyanya zilikuwa mbichi. Seleri ya mzizi ilikuwa palepale chini, haikuiva kupita kiasi, haikuoza, haikuomba kuvunwa. Tulichimba kimoja kimoja, tukakichemsha na viazi vichache vilivyobaki. Sitaki kudanganya: seleri haishibishi kama bugali. Kichwa chake kina maji mengi na wanga kidogo. Lakini kiliongeza sufuria, na kilitupa ladha katika siku ambazo chumvi ndiyo ilikuwa kiungo pekee.

Tangu hapo naiona mboga hii kwa jicho lingine. Mtu wa kijijini anajua faida ya muhogo: haumlazimishi, unamngoja ardhini. Mtu wa mjini mwenye mita mbili za udongo kati ya ukuta na choo hana nafasi ya muhogo. Ila miche tisa au kumi ya seleri ya mzizi inaenea katika mita moja ya mraba.

Ugumu wa kwanza ni mbegu, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Seleri ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutoa majani na kichwa. Ili itoe maua na mbegu, huhitaji kwanza kupitia majuma ya baridi, chini ya nyuzi 10 hivi. Bukavu, kwenye karibu mita 1,500 juu ya bahari, ina hewa ya baridi kidogo inayoifaa sana seleri, lakini usiku wetu haushuki kiasi hicho isipokuwa kwa nadra. Kwa hiyo tuna bahati upande mmoja: seleri yetu haikimbilii kutoa maua kabla ya kufura, kosa linalowasumbua wakulima wa nchi za baridi. Upande wa pili tuna hasara: hatuwezi kujiwekea mbegu kama tunavyojiwekea za lengalenga au za maharagi. Karibu kila mbegu ya seleri inayoota Bukavu imevuka mpaka, mara nyingi ndani ya kikapu cha mama anayefanya biashara ndogo kati ya Kamembe na hapa kwa daraja la Ruzizi. Mpaka ukifungwa, mbegu hakuna.

Unaponunua, soma pakiti. Kwa Kifaransa kuna aina tatu na picha hufanana. “Céleri à couper” ni ya majani, ndiyo hii ya sokoni. “Céleri à côtes” ni ya mashina manene. “Céleri-rave” ndiyo ya mzizi. Jina la Géant de Prague au Monarch likiandikwa, hujakosea. Angalia pia mwaka. Mbegu ya seleri iliyokaa miaka mitatu minne dukani juani inaweza kuota moja kati ya kumi, au isiote kabisa, nawe utaulaumu udongo wako bure. Na usinunue nyingi. Mbegu hizi ni ndogo kama vumbi la tumbaku. Gramu moja ina zaidi ya 2,000. Pakiti moja inatosha majirani wa avenyu nzima, na ni afadhali kuigawa mwaka huohuo kuliko kuitunza.

Kwa kuwa mbegu ni ndogo hivyo, haina nguvu ya kusukuma udongo, tena inahitaji mwanga ili iamke. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa: wanaifukia. Tafuta sanduku la kina kifupi, beseni lililotoboka, au bidoni ya lita 20 iliyokatwa kwa ubavu. Jaza udongo laini uliochanganywa na mbolea iliyooza, mwagia maji kwanza, kisha nyunyiza mbegu zilizochanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane. Zigandamize kwa kiganja, basi. Usiweke udongo juu. Funika kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga na uweke sanduku mahali penye kivuli chepesi. Maji usiyamwage kutoka juu, yatazizoa mbegu. Weka sanduku ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo utayanywa kutoka chini.

Kisha ngoja. Wiki ya kwanza hutaona kitu. Ya pili pia pengine. Seleri huota baada ya siku 14 hadi 21, na nimeshawaona watu waliomwaga udongo wao siku ya kumi na mbili wakisema mbegu zimekufa. Miche ikishatoa majani mawili ya kweli, yaani yale yenye meno, ihamishe mmoja mmoja katika vikopo vya maziwa, chupa za maji zilizokatwa, au vifuko vya maganda ya mgomba. Inakaa humo hadi iwe na urefu wa kidole na majani matano au sita. Tangu siku ya kupanda mbegu hadi hapo, hesabu wiki nane hadi kumi.

Kuhusu kuipeleka bustanini, nitaeleza kosa langu mwenyewe, maana limenifundisha zaidi ya pakiti. Miche yangu sita ya kwanza niliipanda kama ninavyopanda viazi: nilifukia shingo, na baadaye nikaiinulia udongo kila nilipopalilia. Ilitoa majani mazuri ajabu. Chini nilipata vichwa vidogo kama limau, vimejaa mizizi ya pembeni. Mingine sita niliipanda kwa haraka jioni moja mvua ikinyesha, shingo ikabaki juu, wala sikuirudia na jembe. Hiyo ndiyo iliyotulisha. Kichwa cha seleri hufura juu ya uso wa udongo, nusu yake ikiona jua. Kwa hiyo mahali majani yanapoanzia pawe sawasawa na ardhi, si chini yake, na usiinue udongo kamwe.

Nafasi kati ya mche na mche ni sentimita 30 hadi 35. Ya majani inatosheka na 20, ndiyo maana mita moja ya mraba huchukua miche 25 ya majani lakini tisa tu ya mzizi. Katika mashimo tia mbolea iliyooza vizuri. Wanaofuga sungura au dende wana bahati: samadi yake ni kavu, haina harufu kali, na watoto wanaweza kuikusanya. Mchangani mwa jikoni mna majivu. Konzi moja kwa kila shimo husaidia, kwa kuwa udongo wa vilima vyetu mwingi una uchachu na seleri haupendi. Konzi moja, si ndoo.

Wenye parsele kwenye mteremko, yaani karibu sisi sote, wapange mistari kukingama na mteremko, na chini ya kila mstari waweke mawe au mabua. Mvua moja ya Novemba inaweza kuchukua kazi ya mwezi na kuipeleka ziwani.

Sasa maji. Seleri ya porini asili yake ni mahali penye majimaji, kandokando ya mabwawa na pwani za Ulaya na Mediterania, na tabia hiyo haijaiacha. Inaweza kuvumilia udongo duni kidogo, inaweza kuvumilia kivuli cha ukuta, lakini siku nne za ukame haisamehi. Majani yatasimama tena ukimwagia, utafikiri yamepona. Ila kichwa kimekwisha kusimama kukua, na utakapokikata utakuta katikati ni kitupu au kigumu kama kuni. Wanaosema seleri ya mzizi haifai kwetu mara nyingi waliipanda Mei, kiangazi cha Juni kikawakuta.

Kanuni yangu ni kidole. Ingiza kidole chote udongoni kando ya mche. Kama ncha haikupata unyevu, mwagia. Funika udongo kwa majani makavu ya mgomba au nyasi, ukiacha shingo wazi, na utapunguza kazi ya kumwagilia karibu nusu. Nyumba nyingi za Kadutu na Bagira hazina bomba linalotoa kila siku, kwa hiyo maji ya paa yakingwe mvua inaponyesha. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa. Ya sabuni hayafai.

Kuna maji mengine ambayo hayafai hata kidogo, na hapa sina mzaha. Bustani nyingi za mji ziko kando ya mifereji na kando ya mto Kawa, mahali ambapo takataka na maji ya vyoo hupita. Kipindupindu hakijawahi kuondoka Kivu Kusini. Hurudi kila mara. Lengalenga angalau huchemshwa. Jani la seleri watu wengi hulitupa juu ya mchuzi dakika ya mwisho, au hulikatakata bichi. Ukimwagilia seleri kwa maji ya mfereji, umeuchukua mfereji ukauleta mezani. Hata ile ya sokoni, ioshe jani kwa jani kwa maji safi, na kama una wasiwasi iache ichemke pamoja na mchuzi.

Katikati ya safari, mche unapokuwa na miezi miwili ardhini, kichwa huanza kuonekana. Hapo ng'oa majani ya nje yanayolala chini na ukate kwa kisu vizizi vya pembeni vinavyotokea sehemu ya juu ya kichwa. Ngozi itabaki laini na kazi ya kumenya itapungua. Kila wiki mbili au tatu mpe chai ya samadi: mbolea iliyolowekwa kwenye ndoo siku kadhaa, kisha ikazimuliwa mpaka rangi yake iwe kama chai nyepesi. Seleri ni mlafi. Majani unaweza kukata kwa ajili ya mchuzi, mawili kwa kila mche kwa mara moja, wala usizidishe, kwani majani ndiyo yanayolisha kichwa. Anayetaka majani kila siku apande miche mitano ya majani pembeni na aiache hii ya mzizi ifanye kazi yake.

Maradhi si mengi. Yanayojulikana zaidi ni madoa ya kahawia kwenye majani, yenye vidoadoa vyeusi ndani kama pilipili manga. Ni ukungu, husafiri na mbegu na huruka kutoka jani hadi jani kwa matone ya mvua. Kata majani hayo mapema, yachome, usiyatie kwenye jalala la mbolea, na mwagilia chini ya mmea badala ya juu yake. Mwaka unaofuata usirudishe seleri mahali palepale, wala karoti au persili, kwa kuwa zote ni ukoo mmoja, weka maharagi. Konokono ni adui wa usiku kwa miche michanga. Watafutwe kwa tochi, waokotwe kwa mkono.

Na mikono yenyewe ioshwe. Utomvu wa seleri ukikaa kwenye ngozi kisha jua kali likaipiga, unaweza kuacha malengelenge na alama nyeusi. Aliyekata seleri nyingi asubuhi asiende moja kwa moja juani akiwa na maji yake mikononi.

Jikoni hakuna mambo mengi. Menya kwa kisu, ngozi nene, usione huruma. Tupia vipande kwenye maji yenye limau, vinginevyo vinageuka rangi. Chemsha pamoja na viazi vya Ulaya, ponda, tia chumvi na mafuta kidogo. Au kata vipande vidogo uweke katika maharagi tangu mwanzo, vitayeyuka na kuyafanya mazito. Vipande vyembamba vikikaangwa huwapendeza watoto wanaokataa mboga. Wengine watakwambia, hasa kwenye ujumbe unaozunguka simuni, kwamba seleri inatibu presha. Ni mboga nzuri yenye potasiamu, lakini anayemeza dawa za presha aendelee kuzimeza.

Je, ya kuuza? Hapa natofautiana na wanaoisifia kila mboga kama biashara. Seleri ya majani, ndiyo: miezi mitatu hivi baada ya kuhamisha unaanza kukata, inachipua tena, na kila nyumba inaihitaji. Mama mwenye miche 25 katika mita moja ana kifungu cha kupeleka sokoni kila wiki. Fedha hiyo ni ya chumvi na sabuni. Minervali ya mtoto wa sekondari haitalipwa nayo. Seleri ya mzizi inashika udongo uleule kwa nusu mwaka, na sokoni Kadutu ukiitandaza watu watakuuliza ni ugonjwa gani umeipata. Usiipande kwa kuuza mpaka mwenye mgahawa au hoteli amekwambia mwenyewe kwamba ataichukua, na kiasi gani. Ipande kwa sufuria yako.

Kichwa kinachofikia upana wa kiganja, kama siku 110 hadi 120 baada ya kuhamishwa, kinachimbwa. Kisokote, kisha inua kwa uma wa bustani au panga, ukate mizizi ya chini. Kisichohitajika siku hiyo kiache ardhini, mvua zikiwa bado zinanyesha na nyasi zikiwa zimekifunika. Huku kwetu baridi haitakiua. Kinangoja mwezi, pengine na nusu. Changu cha mwisho mwaka ule nilikisahau mpaka Aprili, na nilipokikata kilikuwa sponji ndani. Ukishavichimba na kukata majani, vikae mahali pa giza penye hewa, juu ya mchanga wenye unyevu, wiki kadhaa.

Anayetaka kula Februari, sanduku lake liwe na mbegu kabla Julai haijaisha, ili miche iingie ardhini Oktoba pamoja na mvua. Aliyechelewa anaweza kupanda mbegu mapema Desemba na kuhamisha Februari; atavuna mwanzoni mwa Juni, lakini majuma ya mwisho atalazimika kubeba maji.